Wilder akipewa Ngannou kwenye ngumi, nani anadondoka?

#1 KonaNyekundu
Wakuu, habari za wikiendi.

Nimeangalia pambano la Deontay Wilder na Tyrrell Herndon lililopigwa Wichita, Marekani, 27 Juni 2025. Wilder, bingwa wa zamani wa dunia wa uzito wa juu, kashinda kwa TKO (mwamuzi kalisimamisha pambano) raundi ya 7. Kwenye rekodi utaandikwa ushindi, lakini nilichokiona mimi ni kingine. Alimdondosha Herndon raundi ya 2, halafu akahangaika naye raundi nne nzima bila kummalizia. Wilder tuliyemzoea, ukishadondoka mbele yake mara moja, basi.

Na yale maneno ya tangu 2023 ya kumpambanisha na Francis Ngannou, yule Mkameruni aliyetokea mapigano ya kizimbani, hayajafa. Msimamo wangu ni kwamba pambano hilo lisifanyike. Wilder Oktoba 2025 anatimiza miaka 40. Desemba 2023 Joseph Parker kampiga kwa pointi, Juni 2024 Zhilei Zhang kammaliza raundi ya 5. Ngannou ni mtu wa vurugu, anaingia na mkono mzito na yuko radhi ale ngumi mbili ili aachie moja ya kwake. Bingwa aliyechoka ukimpa mtu wa aina hiyo, raundi nne hazifiki.

Anayebisha aje na hoja.

#2 Mlikoni
Mimi nabisha. Ngannou kapanda ulingo wa ngumi za kulipwa mara mbili, kapoteza zote mbili. Machi 2024 Anthony Joshua alimdondosha mara tatu ndani ya raundi mbili, na ile ya mwisho alizimika kabisa. Mkono wa kulia wa Joshua na wa Wilder, upi mzito? Tuanzie hapo.

#3 Kocha_Manzese
Mkuu #2 umeruka pambano la kwanza makusudi. Oktoba 2023, Riyadh. Mtu ambaye hajawahi kupigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa anamdondosha bingwa wa dunia Tyson Fury raundi ya 3. Jaji mmoja alitoa 95-94 kwa Fury, mwingine 96-93 kwa Fury, wa tatu akampa Ngannou 95-94. Baada ya hapo WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, wakamweka namba 10 kwenye orodha yao ya uzito wa juu. Hiyo haiji kwa vurugu.

Lirudieni lile pambano taratibu. Ngannou alikuwa anasubiri. Anamwacha Fury aanze, anarudisha, anatoka. Mimi nafundisha vijana, na wengi wanakuja wakiwa tayari na jina mtaani kwamba wanajua kupigana. Kuwafundisha kupiga hakuna shida, wanakuja nacho. Kazi ipo kwenye kusubiri. Kijana anaona kidevu cha mwenzake kiko wazi, anajitupa, anakutana na kitu njiani. Ngannou aliweza kusubiri raundi kumi mbele ya Fury. Mwenye macho hawezi kumwita mtu wa vurugu.

#4 DadaTanga
Kocha shikamoo. Nakubali nusu tu. Fury usiku ule alipanda na zaidi ya kilo 125 na mkataba wa kupigana na bingwa mwenzake Usyk alishausaini, akili yote ilikuwa kule. Hakumheshimu mpinzani. Joshua alimheshimu, tukaona kilichotokea. Sasa Ngannou wa kweli ni yupi, wa Oktoba au wa Machi?

#5 Mlikoni
Wa Machi. Asante dada.

#6 Fundi_Saa
Mimi nataka kusahihisha upande mwingine. KonaNyekundu anasema tatizo la Wilder ni umri. Zhang alipommaliza Wilder alikuwa na miaka 41, Wilder 38. Aliyempiga ndiye mzee! Na wote wawili walikuwa Olimpiki ya Beijing 2008, Zhang akarudi na fedha ya uzito wa juu kabisa, Wilder na shaba ya uzito wa chini yake. Kama umri ndio unaua ngumi, Zhang ungemuua kwanza. Tafuteni sababu nyingine.

#7 KonaNyekundu
Fundi, umri wa bondia hauhesabiwi kwa cheti cha kuzaliwa, unahesabiwa kwa makonde aliyokula. Wilder alipigana na Fury mara tatu. 2018 sare. Februari 2020 alidondoka mara mbili, kona yake ikatupa taulo raundi ya 7. Oktoba 2021 akadondoka raundi ya 3, ya 10 na ya 11, na hakuinuka tena. Mwili ukipita humo hautoki ulivyoingia. Zhang hajawahi kupita mateso kama yale. Kwa makonde, Wilder ana miaka 50.

#8 Fundi_Saa
Sawa, lakini lile la 2021 Fury naye alidondoka mara mbili raundi ya 4. Mbona makonde hayo hatumhesabii yeye?

#9 Kocha_Manzese
Ngojeni niseme ninavyoliona, maana hapa mnazunguka. Wilder alianza ngumi akiwa na miaka kama 20. Binti yake alizaliwa na tatizo la mgongo wazi, jamaa akaacha chuo, akafanya vibarua, akaingia jimu pale Alabama kutafuta pesa ya matibabu. Miaka mitatu haijafika yuko Olimpiki na medali shingoni. Ni habari ya kumvulia mtu kofia, lakini kwa mwalimu ni habari ya hatari pia. Hakupata miaka ile kumi ya utotoni ya kurudia kitu kilekile, mguu, bega, kidevu, mpaka mwili ufanye wenyewe bila kuulizwa. Alipata mkono wa kulia wa ajabu, na kasi ya kuufikisha.

Kasi ndiyo imepungua. Labda robo ya sekunde, labda chini ya hapo. Bondia mwenye msingi, kasi ikipungua anashukia kwenye msingi wake. Yeye akishuka anakuta hamna kitu. Kwa Parker mlimwona anavuta mkono nyuma, anafikiri, anaghairi. Ngumi zilikuwa haziondoki.

#10 Mlikoni
Kocha, yaani bingwa wa dunia aliyetetea mkanda wa WBC mara 10 mfululizo hana msingi? Leo umeamka vibaya.

#11 Kocha_Manzese
Nimeamka vizuri na nimekunywa chai. Nenda kamwangalie na Luis Ortiz, Novemba 2019. Raundi sita Ortiz anamfundisha ngumi, majaji wote watatu wana Ortiz mbele. Raundi ya 7 mkono mmoja wa kulia, biashara imeisha. Miaka mitano aliishi hivyo. Anapoteza raundi kwa sababu anajua ipo moja inakuja. Siku ikiwa haiji, unafanya nini?

#12 Mtoto_wa_Lubum
Jambo bandugu. Mimi niko Lubumbashi. Munasahau mambo ya Kinshasa 1974. Foreman alikuwa na miaka 25, Frazier na Ken Norton alibamaliza kila mtu mu raundi mbili. Ali 32, batu yote banasema atauliwa. Baba yangu alikuwa anatuambia hata benye banaimba «Ali boma ye» walikuwa na woga ndani ya roho. Raundi ya 8 nani alianguka? Kwa hiyo musimuzike Wilder mapema.

#13 DadaTanga
Ndugu wa Lubum karibu. Sahihisho dogo: Kinshasa bingwa alikuwa Foreman, Ali ndiye aliyefuata mkanda. Na miaka 32 si uzee. Ali mzee ni yule wa Oktoba 1980 mbele ya Larry Holmes, miaka 38, raundi kumi hakushinda hata moja machoni mwangu, kona ikamzuia asitoke kwa ya 11. Huo ndio mfano unaomhusu Wilder. Na mwaka huohuo, Februari, Ali alikuja Dar katumwa na Rais Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea.

#14 Mzee_wa_Kariakoo
Dada umenikumbusha mbali. Moscow tulienda, Bayi na Nyambui wakarudi na fedha, mmoja kuruka viunzi na maji, mwingine mita 5,000. Majirani Waganda nao walienda, na John Mugabi akachukua fedha ya ngumi.

Na hapo ndipo pana mfano mzuri kuliko yote mliyoyataja, sijui kwa nini hakuna aliyeugusa. Machi 1986, Las Vegas, Marvin Hagler na huyohuyo Mugabi, «The Beast». Mganda alikuwa hajapoteza, na kila aliyempiga alimpiga kabla ya kengele ya mwisho. Hagler bingwa wa muda mrefu, ameanza kuchoka. Tuliiona kwenye mkanda wa video uliokuja baadaye, tumebanana chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, mwenye televisheni anasimamisha na kurudisha kila tukimwomba. Raundi ya 6 wanapigana kama hakuna kesho, uso wa Hagler umevimba jicho la kulia. Lakini ona alichokifanya yule bingwa. Alibadilisha gadi, yaani mguu upi ukae mbele, akakubali kula mwanzoni, akamwacha Mugabi atumie mkono mpaka pumzi ikakata. Raundi ya 11 Mganda akakaa chini, hakuinuka.

Bingwa mzee hamshindi mwenye nguvu kwa nguvu. Wilder hiyo akili anayo?

#15 Mlikoni
Watanzania mkianza habari za Moscow hamrudi 😂 Ila mfano wa Mugabi nimeupokea, Mzee.

#16 Mzee_wa_Kariakoo
Nyinyi Wakenya mlisusia, ndiyo maana haiwapendezi.

#17 Fundi_Saa
Mzee #14 nashukuru, ila malizia. Pambano lililofuata la Hagler lilikuwa Aprili 1987 na Sugar Ray Leonard. Akapoteza kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja, akaacha ngumi moja kwa moja. Wapo wanaosema Mugabi ndiye aliyemchukulia Hagler ile hatua ya mwisho, Leonard akaja kuokota kilichobaki. Kwa hiyo hata tukimpa Wilder ushindi kwa Ngannou, swali linabaki: anatoka na nini?

#18 Dereva_wa_Olaya
Salaam wote. Niko Riyadh, naendesha gari. Usiku wa Joshua na Ngannou barabara za mjini zilijaa mpaka alfajiri. Nilibeba Wakameruni wawili kutoka ukumbini, walikaa kimya njia nzima. Mmoja alisema jambo moja tu, kwamba jamaa yao alikosea mguu.

Nikaenda kulitazama tena, kweli. Lile la raundi ya kwanza Ngannou alikuwa amegeuza gadi, mguu wa kulia mbele. Mkono wa kulia wa Joshua ukapita katikati moja kwa moja. Kocha unasemaje?

#19 Kocha_Manzese
Abiria wako anajua ngumi. Ukisimama na mguu wa kulia mbele dhidi ya mtu wa kawaida, ngumi ya kwanza kuiogopa ni ile nyoofu ya mkono wake wa nyuma, maana njia inakuwa wazi mpaka puani. Anayesimama hivyo tangu utotoni anajua mguu wake wa mbele uwe nje ya mguu wa mwenzake, na kichwa kisikae katikati. Ngannou anageuza kama pambo. Kwa Fury ilimsaidia kwa sababu Fury alishangaa. Joshua hakushangaa.

Na hii ndiyo hoja pekee inayonifanya nimpe Wilder nafasi. Ortiz anapigana mkono wa kushoto, na Wilder alimlaza kwa hiyohiyo nyoofu ya kulia. Ngannou akileta mchezo wa kugeuza gadi mbele ya Wilder, hata Wilder huyu wa sasa, mwamuzi atahesabu.

#20 KonaNyekundu
Zhang naye ni mkono wa kushoto, Kocha. Hiyo nyoofu ya kulia ilikuwa wapi?

#21 Kocha_Manzese
Aliirusha, ikapita juu. Zhang akarudisha ya kwake, Wilder akageuka upande, na alipokuwa amegeuka ndipo ikaja ile kubwa. Nimesema nafasi, sijasema uhakika.

#22 Neema_wa_Afya
Naomba niingie kidogo, mimi nafanya kazi wodini na kaka yangu alipigana ngumi za ridhaa mpaka tulipomkataza. Mnahesabu raundi na pointi, hesabuni na kichwa. Robert Wangila wa Kenya, mwenye dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988, alikufa Julai 1994 baada ya pambano Las Vegas. Alikuwa na miaka 26. Alitoka ulingoni kwa miguu yake, hali ikabadilika baadaye. Kama kijana wa 26 ilikuwa hivyo, mtu wa 40 aliyedondoshwa mara zote hizo mnamtakia nini? Kaka yangu dalili ya kwanza haikuwa kuanguka. Alianza kuuliza swali moja mara mbili ndani ya dakika tano, halafu anakasirika ukimwambia ameshauliza. Mama ndiye aliyeshtuka, sisi tulidhani ni uchovu.

Promota hatakuja kukaa na Wilder akianza kuuliza mara mbili.

#23 KonaNyekundu
Pole sana Neema, na asante. Hiki ndicho nilichokuwa nakitetea tangu #1.

#24 Mlikoni
Pole dada. Sina la kubisha hapo, Wangila tulimlilia nyumbani. Lakini tuwe wakweli, kwa kipimo hicho Ngannou naye asipande. Yeye ndiye aliyezimika Machi 2024, na mwezi uliofuata akamzika mwanawe mdogo. Mtu kapita mengi.

#25 DadaTanga
Na kuna kitu wote tumekipita. Mnazungumza kama vile Ngannou ni kijana. Wilder kazaliwa Oktoba 1985, Ngannou Septemba 1986. Hawajapishana hata mwaka mzima! «Bingwa mzee» na huyo mwingine wamesoma darasa moja.

Tena Ngannou mwili wake umefanya kazi tangu utotoni. Alikuwa anachimba mchanga machimboni kwao Batié akiwa na miaka kama kumi. Ngumi alizianza Douala akiwa na 22, akavuka jangwa mpaka Morocco, akawekwa kizuizini Hispania, akalala kwenye maegesho ya magari Paris. Alitaka ngumi, walimu wa kule wakamsogeza kwenye mapigano ya kizimbani, akaishia kumlaza Stipe Miocic 2021 na kuchukua mkanda wa UFC. Kocha amesema Wilder hana miaka kumi ya msingi. Ngannou anayo?

#26 Kocha_Manzese
Hana. Dada umenibana vizuri. Wote wawili wamechelewa, wote wameishi kwa mkono mmoja. Ndiyo maana sisemi nani atashinda, nasema nani atakosea kwanza.

#27 Fundi_Saa
Tofauti ipo kwenye pumzi. Ngannou katika ngumi amemaliza raundi kumi mara moja tu, na zile za mwisho kwa Fury alikuwa anavuta miguu. Wilder kamaliza kumi na mbili na Stiverne 2015 siku aliyochukua mkanda, na Fury 2018, na Parker. Pambano likiandikwa raundi 12 nampa Wilder. Likiandikwa 10, sijui.

#28 Mlikoni
Foreman alikuwa na miaka 45 Novemba 1994 alipomlaza Michael Moorer raundi ya 10. Alikuwa anapoteza pambano zima. Mkono mzito ndio wa mwisho kuondoka mwilini, hiyo wataalamu wote wanajua.

#29 Mzee_wa_Kariakoo
Foreman alikuwa na ngumi ya kushoto ya kupimia, mwanangu. Usiku ule wote alikuwa anampimia Moorer, tap, tap, mpaka akampata pale anapomtaka. Larry Holmes naye 2002, ana miaka 52, alimshinda Butterbean kwa pointi raundi kumi. Yule Butterbean alikuwa fundi wa vurugu hasa, na Holmes alimzuia kwa kushoto tu. Mkono mzito unabaki, lakini bila wa kuuongoza unapiga hewa. Wilder kwa Parker alirusha kushoto mara ngapi? Jaji mmoja alimpa Parker raundi zote 12.

#30 Mlikoni
Mikono yao ni sawa kwa urefu, inchi 83 kila mmoja. Wilder ana faida ya kimo tu. Akianza na kushoto Ngannou haingii.

#31 KonaNyekundu
Akianza. Hiyo «akianza» yako inabeba pambano zima.

Na hakuna aliyegusa uzito. Wilder alipigana na Fury mara ya kwanza akiwa na kilo 96 na ushee. Ngannou alipanda na Fury akiwa na zaidi ya kilo 123, na huyu ni mtu aliyefundishwa kukamata na kuangusha. Nendeni kwenye pambano la Fury na Wilder la 2020 muangalie raundi ya 3 mpaka ya 6. Msitazame makonde, tazameni kila wanapokumbatiana. Fury anamwegemea, anamkandamiza shingo, anamwachia uzito wote. Miguu ya Wilder ilikufa kwenye kukumbatiana kabla haijafa kwa ngumi. Ngannou hahitaji hata kulenga. Anahitaji mwamuzi anayechelewa kuwatenganisha.

#32 Kocha_Manzese
Hapo umeleta kitu. Ila mwenye kukumbatia naye anachoka, na Ngannou akichoka mikono inashuka kiunoni, tulimwona na Fury kuanzia raundi ya 8. Nani atachoka kwanza kwenye kusukumana, mwenye kilo nyingi au mwenye zoea la raundi 12? Fundi_Saa, wewe wa pumzi, njoo ujibu hili.

#33 Fundi_Saa
Niko kazini wakuu, jioni nalirudia lile la 2020 lote halafu nakuja. Mlikoni usiandike chochote mpaka nirudi.